Siku tulipokwenda kuona visenti

Jumamosi, 25 Aprili 2009. Hjulsta.

Leo kulikucha na jua la uongo, lile la Stockholm mwezi wa nne: dirishani linang'aa kama la kwetu Mpanda, ukitoka nje masikio yanauma. Sasa ni jioni. Miguu inawaka moto, viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope, na nimekaa jikoni na kompyuta ya Baba Sifa kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitadhani niliota.

Leo nimemwona mnyama ambaye lugha yangu haina jina lake.

Lakini siwezi kuanza na mnyama. Lazima nianze na mama yangu, maana bila yeye tusingefika huko.

Mama anaondoka Jumatano. Alikuja Februari kwa viza ya miezi mitatu, kumwona Sifa, binti yangu wa miaka tisa aliyezaliwa hapahapa na ambaye alikuwa anamjua bibi yake kwa sauti ya simu tu. Jamani, nilivyokuwa nimejipanga kichwani! Nilidhani wataonana uwanja wa ndege, watakumbatiana, mengine damu itayamaliza yenyewe. Si wanasema damu nzito kuliko maji? Basi ya kwangu ilikuwa nzito mpaka ikaganda.

Sifa anaelewa Kiswahili cha nyumbani: kula, oga, lala, funga mlango. Kujibu, anajibu Kiswidi. Kiswidi cha Mama ni salamu na asante. Kwa hiyo tangu Februari wanakaa sebuleni mimi nikiwa katikati natafsiri, na nikiinuka kwenda kugeuza wali, ukimya unaingia na kukaa palepale nilipokuwa nimekaa.

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Siku ya pili tu tangu afike, Mama alimwita Sifa, "Njoo hapa mke mwenzangu! Mdogo hivyo na umeshaanza kuniibia mume!" Kwetu huo ndio utani wa bibi na mjukuu wa kike. Mjukuu anatakiwa arudishe, aseme mume ni wangu, wewe umeshazeeka, huna meno, na watu wacheke mpaka wajifute machozi. Sifa akanigeukia nimtafsirie. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikatafsiri neno kwa neno. Mtoto akabadilika rangi. Akaniuliza kwa Kiswidi kama ni kweli ameozwa kwa Babu, ambaye ameshafariki. Nikajaribu kumweleza utani ni nini. Jaribu wewe kumweleza mtu utani kwa Kiswidi, uone utani unavyokufa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja akingoja jibu. Halikuja. Hakumtania tena.

Toka hapo amekuwa mtu wa dirishani. Anakaa na koti lake, lile Baba Sifa alilomletea uwanja wa ndege siku anawasili: la mtumba, la kahawia, zito, lina manyoya ya bandia shingoni yanayoshuka hadi kifuani. Analivaa hata ndani. Nikimwambia avue, anasema, "Nikivua nitabaki na nini?"

Sasa, Alhamisi. Darasani kwao Sifa wanasoma wanyama, na kila mtoto amechagua mmoja. Sifa amechagua visent, yule ng'ombe mwitu mkubwa wa misitu ya Ulaya. Ukisema bison watu wengi wanamfikiria wa Amerika. Huyu ni ndugu yake wa huku. Mwalimu akasema wenye lugha nyingine nyumbani walete na jina la mnyama kwa lugha hiyo, walitamke mbele ya wenzao Jumatatu. Sifa akaniuliza. Nikasema ni nyati. Halafu nikasema, hapana, nyati ni wa kwetu, huyu si yeye kabisa. Halafu nikasema kamuulize Bibi, ndiye aliyekulia porini.

Nami nikaenda zangu kazini. Mimi ni mpishi wa jiko la shule moja Akalla, na siku hiyo ilikuwa siku ya samaki.

Sifa alikwenda. Kwa mara ya kwanza mtoto alikwenda mwenyewe, bila mimi. Alisimama mbele ya Bibi akasema, "Bibi, visent?" na mikono akaifungua, maana yake niambie. Mama alisikia visenti. Akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu zake za nyumbani, za shilingi, akamwekea mtoto kiganjani. Mtoto akaona Bibi anamfanya ombaomba. Akaziacha mezani akakimbilia chumbani. Bibi naye akaona visenti vyake vimedharauliwa. Nikarudi na harufu yangu ya samaki nikakuta milango miwili imefungwa na sarafu mezani.

Nikawa mbogo. Ndivyo ninavyosema mimi nikikasirika, na nadhani Sifa analijua neno hilo kuliko neno asante. Akiacha viatu vyenye maji mlangoni: Sifa, nitakuwa mbogo! Akichezea simu badala ya kulala: Unataka niwe mbogo? Basi siku hiyo nikawa mbogo kwa wote wawili, na haikusaidia kitu.

Aliyetuokoa ni Espérance. Ni Mrundi, tunaimba naye kwaya, na ana gari bovu lenye moyo mzuri. Nilimlilia kwenye simu jana. Akasikiliza, akacheka kwanza, halafu akasema anapajua mahali, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa, ambapo hao visent wanafugwa ndani ya msitu wenyewe. "Tubapeleke bamwone," akasema. "Jina litapatikana hukohuko."

Garini Mama alikaa mbele na koti lake, Sifa nyuma na vipokea sauti vyake masikioni. Njiani nikamweleza Mama kwamba mtoto hakuomba hela, kwamba visent ni mnyama.

"Mnyama mkubwa?"

"Mkubwa kuliko ng'ombe yeyote uliyewahi kumwona, Mama."

"Na wakamwita visenti? Basi angekuwa mdogo wangemwita nini?" Espérance karibu atutoe barabarani kwa kicheko. Lakini Mama hakucheka. Akatazama misonobari inayopita, akasema taratibu, "Mwambie nilidhani anataka hela ya pipi."

"Mwambie mwenyewe, Mama. Yuko hapo nyuma yako."

"Kwa lugha gani?"

Nikafungua dirisha kidogo, kisha nikalifunga kwa baridi.

Tulipofika tulipokewa na mlinzi wa hifadhi, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, mchangamfu. Akatuambia tusijipe matumaini makubwa. Hawa si wanyama wa kukaa wazi wakutazame, ni watu wa msituni, na msitu wao ni mkubwa. Kuna uzio, lakini mwisho wake huuoni. Wasipotaka kutoka, utarudi nyumbani umeona miti. Tufuate njia ya kando ya uzio hadi kwenye jukwaa la mbao, tungoje.

Na hapo mama yangu akabadilika.

Sijui niseme vipi. Mtu wa dirishani nilimwacha kwenye gari. Aliyeingia chini ya miti ile alikuwa mwingine, ana mgongo ulionyooka. Akaokota majani makavu, akayafikicha, akayaachia hewani aone upepo unaelekea wapi. Akapita kwenye msonobari, akaugusa, akaangalia juu. "Huu haupandiki," akasema. "Hauna matawi chini." Nikamuuliza nani anataka kupanda mti na umri huo. Alikuwa anausikiliza msitu.

Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande kwenye vivuli. Chini palikuwa na vimaua vya buluu, vidogo, vya kukufanya uogope kukanyaga. Na kila tulipokwenda tuliona alama za mtu ambaye hatumwoni. Miti imebanduliwa magome hadi kufikia urefu wa kichwa changu, weupe wa ndani umebaki wazi na bado una unyevu. Kwenye waya wa uzio manyoya ya kahawia yamenasa, mafungu mafungu. Kinyesi, samahani, kama sinia.

Sifa alikuwa amevua vipokea sauti. Alikuwa amesoma kitabu chake, anajua kwamba wakati wa baridi wanakula magome, na masika haya ndipo wanavua manyoya ya baridi. Alinionyesha kwa kidole, ananieleza kwa Kiswidi mbiombio, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Bibi, aliyekuwa amechuchumaa kwenye tope mbele ya unyayo.

Unyayo ule! Kwato mbili zimezama kwenye udongo laini, na maji yalikuwa bado yanajitokeza taratibu ndani yake. Mama akanyoosha kiganja chake juu yake, kikaenea bila kugusa kingo. Sifa akachuchumaa pembeni yake. Akaweka na yeye kiganja chake, kidogo, juu ya cha Bibi. Wakakaa hivyo. Mimi nilisimama nyuma, nikamshika Espérance mkono asipige hatua.

Ndipo Sifa akasema, kwa Kiswahili, nina hakika alikuwa amekifanyia mazoezi njia nzima: "Bibi, jina lake nani?"

Mama akaweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa, kwa ukali, uso umekaza. Akainuka akaenda zake mbele.

Loo! Nilitamani ardhi inimeze na tope lake lote. Uso wa mtoto ulijifunga palepale. Miezi mitatu, hatimaye amethubutu kufungua mdomo, na anaambiwa nyamaza. Nikataka kumkimbilia Mama nimuulize ana nini, lakini kiatu cha Espérance kilikuwa kimezama na mguu wake ndani, anaita "Mana yanje!", Mungu wangu ya kwao, kwa sauti ya kunong'ona, ikabidi nimvute kwanza. Tulipofika kwenye jukwaa, Bibi alikuwa pembe moja na Sifa pembe nyingine.

Tukangoja. Espérance akagawa maandazi. Mama akakataa. "Huku hakuliwi," akasema, na macho yake hayakutoka kwenye miti. Mbele yetu palikuwa na uwazi wenye nyasi za mwaka jana, zimelala, rangi ya mkate. Ng'ambo ya uwazi ukuta wa misonobari, mweusi. Hakuna kilichosogea. Nikaanza kuhesabu moyoni gharama ya ujinga wangu: nimemtoa mama mzee kwenye joto, nimemleta kuona miti, na Jumatano ataondoka akiwa ameongea na mjukuu wake mara moja, kwa kumnyamazisha.

Ndipo nikamwona Sifa anatoka kwenye pembe yake. Anatembea polepole. Akavuta mkono wa lile koti. Macho yamejaa maji, na sauti ilikuwa ndogo lakini msitu mzima uliisikia.

"Bibi. Wewe ni mbogo?"

Alikuwa anauliza, Bibi, umenikasirikia? Mtoto masikini, neno hilo amelipata kwangu na maana hiyo tu ndiyo anayoijua. Hajui kwamba mbogo ni jina la mnyama. Hajui kwamba ni jina lingine la nyati, na kwamba kwa watu waliokulia porini kama mama yangu ndilo jina lenyewe hasa. Amesimama porini, amemtazama bibi yake usoni, na amemuuliza kama yeye ni nyati.

Mama akamziba mdomo kwa kiganja. "Wee! Hatajwi huku!"

Ndipo nikakumbuka, jamani. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiishi, maana mimi nililelewa mjini kwa shangazi, lakini Mama alinisimulia. Walipokuwa wasichana, wakienda kuni, hawakumtaja mbogo wakiwa porini. Walisema "yule bwana". Ukimtaja umemwita. Mama hakumnyamazisha mtoto kwa hasira. Alikuwa anamlinda.

Na ng'ambo ya uwazi, tawi likavunjika.

Nitaandika nilichokiona, na nisipoweza nisamehewe. Kwanza haukuwa mnyama. Ulikuwa ni weusi wa miti umeamua kusogea. Halafu weusi ukapata mvuke, pumzi nyeupe mbili, na nyuma ya pumzi kikaja kichwa. Kichwa tu kilikuwa kama kabati. Ana ndevu! Ndevu ndefu za mzee, zimelowa umande. Pembe fupi, nyeusi, zimekunjika kwenda juu na mbele. Kisha bega, na bega halikwisha, likapanda na kupanda, nundu nzima kama kilima anachotembea nacho. Nilingoja kelele. Mwili kama ule, nilidhani ardhi itatetemeka, tutasikia vishindo. Hakuna. Alitembea kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala.

Nyuma yake wakatoka majike, mmoja baada ya mwingine, na ndama wa mwaka jana mwenye miguu mirefu. Wakajaza ule uwazi. Dume akaja moja kwa moja upande wetu, akasimama mbali kidogo na uzio, akainua kichwa. Akatutazama. Jicho lake lilikuwa la kahawia, tulivu, halina hasira wala urafiki. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nilijiona mdogo, na sikuumia hata kidogo, nilipumzika. Espérance alikuwa anaomba kwa Kirundi. Mimi hata Baba Yetu ilinitoka kichwani.

"Umemtaja," Mama akanong'ona kwa mtoto, mkono ungali mdomoni pake, "na amekuja."

Kisha nikauona mkono ule unalegea. Mama alikuwa anamkagua yule mnyama, kwa macho yaliyobanwa, kama anavyokagua mchele.

"Siye," akasema.

"Siye nani, Mama?"

"Siye yeye. Tazama pembe. Za yule bwana zinakutana kipajini, anakuwa kama amevaa kofia ya chuma. Huyu zake ziko mbalimbali. Masikio ya yule ni makubwa, yananing'inia. Ya huyu yako wapi? Na yule hana ndevu. Hana nundu. Na angekuwa yeye, asingesimama kututazama hivi, tungekuwa tunatafuta mti."

Nikamnong'oneza Sifa kwa Kiswidi. Naye, macho hayatoki kwa mnyama, akanijibu kwa kunong'ona: mwambie Bibi yule wa Amerika anainamisha kichwa kwa sababu anakula majani ya chini, kwenye mbuga, lakini huyu anakibeba juu, kwa sababu ni wa msituni, anakula magome na matawi. Mwambie miguu yake ni mirefu zaidi. Nikamwambia Mama. Mama akasema, mwulize anaoga wapi, maana yule bwana bila tope na maji haishi. Nikamuuliza Sifa. Sifa hakujua, lakini akanyoosha kidole: katikati ya uwazi palikuwa na shimo la mchanga, na jike mmoja alikuwa analala chini, anajigeuza, vumbi juu, miguu minne hewani. Mama akafungua mdomo. "Anaoga mchanga," akasema. "Mchanga!" Sifa akarudia, "Mchanga," kwa lafudhi ya Hjulsta, na hakuna aliyemwambia arudie.

Dume akageuka ubavu. Pale ndipo tulipoona vizuri yale manyoya. Mbele alikuwa ameyavaa mazito, ya kahawia, yameshuka shingoni hadi kifuani. Nyuma yalikuwa yanamtoka, yananing'inia vipande vipande ubavuni.

Mama akamtazama. Akajitazama na yeye, manyoya ya bandia, vifungo, mikono mirefu mno. Akamtazama tena.

"Pole baba," akamwambia yule mnyama, kwa heshima zote. "Kumbe na wewe walikupokea uwanja wa ndege na koti."

Espérance akajishika kwenye nguzo. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Na Sifa, kabla sijatafsiri chochote, nawaapia, Sifa alikuwa ameshaanza kucheka. Alisikia koti, akaliona koti la Bibi na koti la visent, basi.

Ndipo Mama akakumbuka. Akamgeukia mtoto, akashika kiuno. "Lakini wewe! Mimi bibi yako unaniita mbogo? Mimi?" Na kwangu, uso unawaka: "Mama Sifa, umesikia? Mjukuu wangu amenitania! Tangu Februari namngojea, kumbe alikuwa analiweka la kunimaliza!"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari: hapana Mama, hakukutania, alikuwa anauliza kama umemkasirikia. Ndio kazi yangu hiyo, tafsiri sahihi, neno kwa neno. Nikaangalia nyuso mbili. Nikaufunga.

Mama akafungua vifungo vya koti, akamvuta Sifa ndani, akafunga tena. Kikabaki kichwa tu nje, chini ya kidevu chake. Mtoto akaniangalia kwa juu ya kola, bado anangoja jibu la swali lake. Halafu akaacha kuningoja. Akageuza uso kwenye msitu, na kiumbe kimoja chenye vichwa viwili kikamtazama kiumbe kingine mpaka kilipochoka nasi, kikarudi mitini na ukoo wake, kimyakimya kama kilivyokuja. Pale kilipopita hata tawi halikutikisika.

Mlinzi alitukuta tukiwa bado tumesimama tunatazama mahali patupu. Akatuhadithia. Zamani walikuwepo Ulaya nzima, hata nchi hii mifupa yao imechimbwa kusini. Watu wakawawinda, wakakata misitu, mpaka porini hakubaki yeyote. Hata mmoja. Walionusurika ni wachache waliokuwa kwenye bustani za wanyama, wa kuhesabika kwa vidole, na wote walio hai leo ni uzao wa hao. Baadaye wakafunguliwa tena katika misitu, kule Poland na kwingine, na sasa wako huko wanaishi wenyewe.

Nilimtafsiria Mama. Akasema, "Mwulize. Kama wote walizaliwa zizini, nani aliwafundisha msitu?"

Mlinzi alifikiri. Akasema hakuna. Waliwafungulia mlango, siku za mwanzo walikaa karibu na mlango. Halafu siku moja wakaonekana wanabandua magome.

Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Alaa." Mimi niligeuka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nililia, ndiyo. Kwa nini nifiche.

Kurudi, Mama alikataa kukaa mbele. Espérance akasema kwao ni imbogo, karibu sawa na kwetu, na kwamba nyati nalo ni neno zuri tu. Mama akasema mtu ambaye si yule huwezi kumpa jina la yule. Tukiwa tumeshatoka msituni, barabara kuu, ndipo akaruhusu neno litajwe, akatoa hukumu: mbogo koti. Sifa akalirudia mpaka tukafika. Jumatatu atalisema mbele ya darasa, na mwalimu akitafuta kwenye kamusi shauri yake.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nimekaa hapa najiuliza kama nimewadanganya. Mama anaamini ametaniwa. Sifa aliuliza swali zito na akajibiwa kwa koti. Je, nimweleze Mama kabla ya Jumatano? Mkalimani mwaminifu angesema.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini sasa hivi kuna kelele sebuleni. "Bibi, wewe ni mbogo!" Sauti ya Sifa, na safari hii hakuna machozi ndani yake. "Na wewe ni visenti vyangu!" Sauti ya Mama. "Mbogo!" "Visenti! Visenti vya pindoni!" Kisha Mama ameongeza kitu, nimesikia neno mume, neno langu la balaa.

Mlango wa jikoni umefunguka kwa kishindo. Sifa, amevaa lile koti, linaburuza sakafuni. Anahema. Ameniuliza kwa Kiswidi, haraka haraka, kama mtu ambaye vita inamsubiri: Mama, unasemaje kwa Kiswahili kwamba mtu hana meno?

"Huna meno," nimemwambia.

Amekimbia. Nimesikia akilitamka. Kisha nimesikia mama yangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba alipofariki.

Jumatano iko palepale, najua. Mimi nabaki hapa jikoni. Wakinihitaji, wataniita.